Jinsi ya kutembelea kisiwa cha Saba kule Karibiani

Saba (sio namba, ni kisiwa kilicho chini ya Uholanzi) kina kilomita za mraba 13 tu, na kama unatafuta fukwe za kulala juani hapa sio kwenyewe, ni mlima wa volkano umechomoza baharini. Unafika kwa boti au kindege kutoka kisiwa jirani cha Sint Maarten. Mi nasema panda ndege, ile ranwei ina mita 400 hivi, huku jabali huku maji, hakuna fupi zaidi duniani kwa ndege za abiria. Beba dola za Marekani, ndo hela yao toka 2011.

Anza na Mount Scenery, kilele cha huo mlima. Kutoka kijiji cha Windwardside ni ngazi 1,064, we toka mapema kabla mawingu hayajafunika, vaa viatu vyenye meno maana mawe yanateleza balaa, ila ukifika juu ni msitu wa mawingu, matone yanadondoka kwenye kangaga hata kama hakuna mvua, utasimama tu unasikiliza.

Ukishuka tembea kwenye barabara yao kwa miguu, usiipite na teksi. Mainjinia walisema haijengeki, mwenyeji mmoja, Josephus Lambert Hassell, akasomea uinjinia kwa njia ya posta na wananchi wakaijenga kwa mikono, jamani! Kabla ya hapo mizigo ilipandishwa kichwani kwenye ngazi 800 za kutoka ufukweni Ladder Bay.

Halafu watafute akina mama wanaoshona lesi, wanachomoa nyuzi za kitambaa moja moja, ufundi wa toka miaka ya 1870. Nunua hata kitambaa kimoja.