Jinsi ya kuamua mashine ipi ihudumiwe kwanza: fuata hatari, si kalenda

Nimetoka kumsaidia fundi mwenzangu kupanga upya ratiba ya matengenezo. Kompresa kuu na feni ya stoo zilikuwa zinahudumiwa sawasawa, kila mwezi. Tulifanya hivi.

1. Orodhesha mashine. Excel inatosha. Programu kubwa ziache kwanza, zinakujazisha fomu kabla hujajua unatafuta nini.

2. Andika hitilafu, si mashine. "Pampu namba 2" haipewi alama. "Sili inavuja" (sili ni kizuizi cha maji kwenye shafti) na "mota imeungua" ndizo zinazopewa.

3. Toa alama 1 hadi 5 za uwezekano, 1 hadi 5 za madhara, zidisha. Ila 5×1 na 1×5 zote ni 5, na sili inayodondosha maji kila mara si sawa na boila kupasuka mara moja. Hitilafu yenye madhara 5 ijadili peke yake, hata uwezekano ukiwa 1.

4. Tafuta hitilafu zilizojificha. Hapa usiende haraka. Pampu ya akiba, valvu ya usalama na kengele ya joto vikiharibika, hakuna anayejua mpaka siku vinapohitajika. Niliwahi kuipa pampu ya akiba alama ndogo kwa kuwa haitumiki sana. Pampu kuu ilipokufa, ya akiba ikagoma kuzunguka, beringi zimeshika. Tulikesha. Mashine iliyosimama hupokea mtetemo wa jirani zake, na beringi zake huchimbika palepale gololi zinapogusana na njia yake. Kata umeme, funga swichi kwa kufuli, zungusha shafti kwa mkono. Kisha iwashe na uipe mzigo kwa ratiba.

Ratiba ipi? Gawanya kipindi kati ya majaribio kwa mara mbili ya wastani wa muda ambao kifaa hufanya kazi kabla ya kuharibika. Wastani ukiwa miaka 10 na unajaribu kila mwaka, kuna uwezekano wa takriban 5% kukikuta kimekufa siku ya shida. Jaribu kila miezi 6, unashuka hadi 2.5%. Hesabu hii inafaa tu kipindi kikiwa kifupi sana kuliko wastani huo. Tena, jaribu mfumo kuanzia kwenye kihisio, maana kitufe cha majaribio kwenye paneli mara nyingi huthibitisha taa na honi tu. Na pampu kuu na ya akiba zisihudumiwe na fundi mmoja siku moja: kosa lilelile litaziua zote.

5. Chagua kazi. Hitilafu yenye dalili, ipime. Mtetemo ukianza kupanda wiki 8 kabla ya beringi kufa, pima angalau kila wiki 4. Kubadilisha kipuri kwa tarehe ndilo chaguo langu la mwisho: uchunguzi wa Nowlan na Heap, wahandisi wa shirika la ndege la United Airlines, wa mwaka 1978 kuhusu vifaa vya ndege ulikuta ni 11% tu vilivyoonyesha kuchakaa kwa umri.

6. Rekebisha alama kila baada ya hitilafu.

Feni ya stoo tumeiacha ifanye kazi mpaka ife. Mota ya kubadilishia iko kwenye rafu.