Kutafuta sayari kwenye data ya TESS: usiifute kabla hujaiona

Kila ninapomsaidia mtu kutafuta sayari za mbali kwenye data ya TESS, darubini ya angani ya NASA inayopima mwangaza wa nyota, kikwazo huwa kilekile: sayari imo kwenye data, ila mwenyewe ameifuta wakati wa kusafisha. Ndiyo maana hatua ya 2 ni ndefu. Jifunzie kwa WASP-18, nyota iliyo umbali wa takriban miaka 400 ya mwanga. Sayari yake ilitangazwa mwaka 2009, kwa hiyo una jibu la kulinganishia.

Hatua ya 1: Pata data

Fanyia kazi Google Colab, huduma ya kuendesha Python kwenye kivinjari. Faili zinashukia kwenye seva, bando lako linabaki salama. Sakinisha Lightkurve, maktaba ya Python ya data za aina hii, kisha:

import lightkurve as lk
lc = lk.search_lightcurve("WASP-18", author="SPOC", sector=2, exptime=120).download()

Hatua ya 2: Nyoosha mchoro wa mwangaza bila kuimeza sayari

Mwangaza hupanda na kushuka taratibu kwa sababu ya chombo chenyewe na madoa ya nyota. Kazi ya amri ya flatten ni kuondoa mawimbi hayo. Balaa liko kwenye window_length: hizo si saa, ni idadi ya vipimo, na lazima iwe namba witiri. Usipoigusa ni 101. Data yetu ina kipimo kila dakika 2, hivyo 101 ni kama saa 3 na dakika 22, wakati sayari hii hupita mbele ya nyota kwa saa 2 na ushei (huo ndio mpito, na mwanga hushuka kama bonde). Programu hulidhani bonde la mpito kuwa wimbi, hulifukia nusunusu, na kuacha vinundu viwili pembeni. Ukiviona vinundu hivyo, dirisha ni dogo.

Dirisha lisipungue mara tatu ya muda wa mpito. Mimi huweka siku nzima:

flat = lc.flatten(window_length=721)

Usiinakili namba hii kila mahali. Kwenye data ya sekunde 20, vipimo 721 ni saa 4 tu. Kwenye ya dakika 30 ni siku 15, yaani hujasafisha kitu. Na data za kasi tofauti zinyooshe kila moja peke yake kabla ya kuziunganisha.

Angalia pia remove_outliers, amri ya kuondoa vipimo vilivyopotoka, maana hukata juu na chini. Mpito wa WASP-18 hupunguza mwanga kwa karibu asilimia 1, kwa hiyo unaweza kukatwa kama kosa la kipimo. Weka sigma_lower=float("inf") ili ikate juu tu.

Ukishapata kipindi (muda wa sayari kuizunguka nyota mara moja, hatua ya 3), rudi hapa: ufiche mpito kwa create_transit_mask, kisha unyooshe upya. Kina cha bonde ndicho kinachotoa ukubwa wa sayari, kwa hiyo usiruke.

Hatua ya 3: Tafuta kipindi

Tumia BLS (Box Least Squares), mbinu ya kutafuta mabonde yenye umbo la kisanduku yanayojirudia. Mbinu ya Lomb-Scargle iache, hiyo ni ya mawimbi laini. Kilele kitakaa karibu na siku 0.94; vya 1.88 na 2.82 ni vigawe vyake.

Hatua ya 4: Ishuku

Nyota mbili zinazozungukana na kuzibana mwanga huiga sayari vizuri mno. Kunja data (panga mizunguko yote juu ya mmoja) kwa kipindi maradufu ulinganishe mabonde mawili: yakitofautiana kina, huna sayari. Katikati ya mabonde hayo, WASP-18 ina kibonde cha karibu asilimia 0.03, pale sayari yenyewe, iliyo moto mno, inapojificha nyuma ya nyota. Kisha kagua majirani kwenye katalogi ya Gaia, orodha ya nyota iliyopimwa na chombo cha Ulaya, kwa kuwa pikseli ya TESS ina upana wa sekunde 21 za tao (kipimo cha pembe angani) na huchanganya mwanga wa nyota kadhaa.

Hatua ya 5: Thibitisha kwa uzito

Mshtarii na nyota nyekundu ndogo kabisa hukaribiana ukubwa, kwa hiyo mpito peke yake hautoshi. Inahitajika spektrografu, kifaa cha kuchambua rangi za mwanga, ya kupima nyota inavyoyumba, njia iliyowapa Michel Mayor na Didier Queloz sayari ya 51 Pegasi b mwaka 1995. WASP-18 huyumba kwa karibu kilomita 1.8 kwa sekunde, na hapo ndipo sayari yake ilipojulikana kuwa na uzito wa takriban Mshtarii 10. Ukipata vipimo vya kasi, vikunje kwa kipindi kilekile cha hatua ya 3: ukishaondoa kasi ya wastani ya nyota, katikati ya mpito nyota lazima iwe inaacha kwenda mbali nasi na kuanza kutukaribia. Isipokuwa hivyo, rudi hatua ya 4.