Kabla hujaonana na mshauri wa kazi

Ndugu zangu mnaopokea Universal Credit, yaani malipo ya serikali kwa wasio na kazi au wenye kipato kidogo hapa Uingereza, kikao cha kwanza na mshauri wa kazi msikiendee mikono mitupu. Kiingereza kikikupa shida, omba mkalimani mapema, hulipi kitu. Mimi sikuomba. Nikaitikia ndiyo kwa kila neno, kumbe nimekubali kutafuta kazi za usiku na mtoto sina wa kumwachia.

Hati ya makubaliano (Claimant Commitment), inayoandika unachotakiwa kufanya ili ulipwe, ndiyo roho ya yote, maana usipotimiza yaliyomo malipo yanaweza kukatwa. Kwa hiyo eleza hali yako kabla hujaikubali: mgongo unaouma, saa za kumchukua mtoto shuleni. Niliporudi na ratiba ya shule na ya basi, nikazitandaza mezani, na saa zangu zikabadilishwa papo hapo.

Uliza pia Flexible Support Fund, fedha za kusaidia gharama za kutafuta au kuanza kazi, wengi wetu hatuijui. Mimi ilinilipia viatu vyeusi vya kazi na nauli ya kwenda kwenye usaili. Omba kabla ya kununua, kwani mshauri ndiye anayeamua.

Mnachokubaliana kwa mdomo, kiandike siku hiyo hiyo kwenye shajara yako ya mtandaoni, ile iliyo ndani ya akaunti yako ya Universal Credit.