Utando unaong'aa kisimani: mazuti au chuma?
Kisima kiko karibu na garaji au kituo cha esanse, na maji yana utando wa rangi rangi? Chota kwa chupa ya kioo isiyowahi kutiwa mafuta, yaache yatulie, kisha pasua utando kwa kijiti. Ukivunjika vipande vyenye kingo kama vigae, visiungane, kwa kawaida ni bakteria wa chuma, vijidudu vinavyoishi kwa chuma kilichomo majini; kwa udongo mwekundu wa Lubumbashi si ajabu. Ukijiunga tena papo hapo, shuku mafuta. Udongo nao: tia konzi moja kwenye maji safi, tikisa, tazama kama utando unatokea juu. Ila benzeni, sumu iliyomo ndani ya esanse, ikiyeyuka majini haifanyi utando. Maji maangavu yasikudanganye. Benzeni hiyo huonekana maabara tu.