Kabla Ugonjwa Haujabisha Hodi: Yaweke Sawa Mambo ya SHA

Kujisajili SHA, bima ya afya ya serikali ya Kenya, ni jambo moja, kulipa ni jingine, na wengi wenye kipato kidogo hulijua hilo wakiwa tayari dirishani hospitalini.

Usajili ni bure. Bonyeza *147# au ingia tovuti ya Afya Yangu ukiwa na kitambulisho. Hata kama NHIF, bima iliyotangulia SHA, ulikuwa mwanachama wa miaka mingi, ilibidi uanze upya tangu Oktoba 2024. Ukishasajiliwa, zahanati na vituo vya afya vya serikali, ngazi ya 2 na ya 3, hukupa huduma za msingi bila mchango. Lakini ukilazwa au ukihitaji upasuaji katika hospitali kubwa, mchango uwe umeshaingia.

Asiye na mshahara hukadiriwa kwa maswali: kuta ni za nini, choo ni cha aina gani, maji mnateka wapi, mnapikia nini, mko wangapi. Hapa usikimbie. Kijana wa saiba (duka la intaneti) akikujazia harakaharaka na kuandika mawe ilhali nyumba ni ya udongo, kiwango kinapanda na wewe ndiye wa kulipa. Keti kando yake, akusomee kila swali kabla hajabonyeza.

Kiwango ni asilimia 2.75 ya mapato ya kaya, na hakishuki chini ya Sh300 kwa mwezi. Ila hukatwi kila mwezi kama mwajiriwa. Unadaiwa ya mwaka mzima, yaani Sh3,600 kwa uchache. Kwa mama mboga hiyo ni hela nyingi kuitoa kwa mpigo, na kwangu hii ndiyo kasoro kubwa ya mpango wenyewe. Ulizia Lipa SHA Pole Pole, mpango wa kulipa mchango huo kidogo kidogo, au mkubaliane kwenye chama chenu cha akiba kila mmoja alipiwe kwa zamu. Aliye hoi kabisa azungumze na mhudumu wa afya ya jamii wa kijiji chake, kwani sheria inaitaka serikali iwalipie wasiojiweza.

Mwenzi na watoto waongezwe mapema. Tafuta vyeti vya kuzaliwa sasa. Mzazi mzee ajisajili kivyake.

Mjamzito naye aulize kliniki mapema kama hospitali anayoitaka ina mkataba na SHA. Kujifungua kwa kawaida hulipiwa Sh10,000 na kwa upasuaji Sh30,000. Hospitali ya binafsi ikitoza zaidi, aulize tofauti hiyo ataibeba nani.