Kikao cha kusoma siasa barazani: tunavyofanya Amu (Lamu)

Kwanza, usikiite darasa. Hapa Amu darasa ni la msikitini, baina ya magharibi na isha, na watu watakuuliza ni kitabu gani na shehe nani. Kiite kikao. Kaeni baada ya isha kwenye baraza ya mtu mnayemjua, watu 8 hadi 12. Wakizidi hapo, wawili watahutubu na wengine watasinzia.

Anza wakati wa kusi, bahari ikichafuka na wavuvi wengi wakiwa mjini. Ukianza kaskazi utabaki na walimu na makarani.

Pili, cha kusoma. Hapa ndipo nilipoharibu mimi: kikao cha kwanza nilitoa fotokopi za kurasa 40 za Kiingereza kuhusu ubepari. Walimu wakazungumza wao kwa wao. Mvuvi mmoja akafunga kashata zake kwa ukurasa wa kwanza, akaenda zake. Tangu siku hiyo ni kurasa 3, za Kiswahili, zinasomwa kwa sauti pale pale. Azimio la Arusha la 1967 linafaa sana. Kisha “Kenya: Twendapi?”, karatasi ya 1968 iliyomfunga mshairi Abdilatif Abdalla miaka 3. Na usiku mmoja muwekeeni Pio Gama Pinto, msoshalisti aliyezuiliwa na Waingereza hapo kisiwani Manda, kisha akauawa kwa risasi Nairobi mwezi Februari 1965. Manda tunavuka kila siku kupokea wageni wa ndege, na wengi wetu hatukuwahi kusimuliwa hilo.

Tatu, kila neno gumu lipigiwe hesabu. Nilipotaja “tabaka” niliulizwa, “Lipi, la masharifu?” Basi tukachukua mashua. Tuseme samaki wameuzwa 9,000. Petroli na barafu 3,000. Katika 6,000 zilizobaki, nusu ni ya mwenye mashua na nyavu, nusu wanagawana mabaharia 5: kila mmoja 600. Mwenye mashua hakutoka kwake. Alipwa kwa kazi gani? Usijibu wewe, nyamaza. Kwetu mwenye mashua mmoja alikuwepo, akasema, “Na wavu ukipasuka, nani hununua mwengine?” Tulibishana hadi birika ya kahawa ikapoa, na hakuna aliyelitaja tena neno tabaka, ingawa hatukuzungumza jingine.

Wanawake hawakai barazani usiku. Kikao chao kiwe ndani, alasiri, na wajichagulie wenyewe cha kusoma.

Nne, mjadala wa hadhara. Ngojeni miezi kadhaa, kisha tokeni Mkunguni, mbele ya ngome, na jambo linalomgusa kila mtu. Sisi tulichagua bandari mpya ya Lamu: mwaka 2018 Mahakama Kuu ya Malindi iliamua wavuvi wapatao 4,600 wa Lamu walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76 kwa hasara ya ujenzi wake. Swali letu lilikuwa moja: bahari ni ya nani hata ikalipiwa? Pelekeni barua kituo cha polisi, si chini ya siku 3 kabla wala si zaidi ya 14, na mmalize kabla ya saa 12 jioni. Hiyo ni arifa, si ombi la ruhusa. Ondokeni na nakala iliyogongwa muhuri.

Kahawa tunachangiana, shilingi 20 kila kichwa. Uchaguzi ukikaribia atatokea mtu anayetaka kuilipia yote. Mshukuruni, mrudishieni pesa zake.