Kukaanga Ngozi ya Nguruwe Mpaka Ivimbe: Mwongozo kwa Wapishi wa Kigoma

Wauzaji wengi wa kitimoto hapa Kigoma huikata ngozi pamoja na nyama na kuiacha ikakamae ndani ya rosti, au huwatupia mbwa. Hiyo ni hasara, kwa kuwa ngozi hiyohiyo ikiandaliwa ipasavyo huvimba na kuwa kitafunwa chepesi ambacho mataifa mengi hukithamini. Uingereza huuzwa kwenye baa, ikiwa imekaangwa pamoja na tabaka la mafuta, nayo huwa ngumu na nzito. Ufilipino ngozi huchemshwa, huanikwa juani, kisha hukaangwa mpaka ivimbe. Njia hii ya pili ndiyo ninayoipendelea, na ndiyo niliyomwelekeza hivi karibuni mama mmoja mwenye banda la kitimoto eneo la Mwanga.

Hatua ya kwanza: kuchagua na kusafisha
Nunua ngozi ya nguruwe aliyekaguliwa, mwenye muhuri wa mkaguzi wa nyama. Ngozi ya tumbo ni nyembamba na hukauka kwa urahisi. Ya mgongo na shingo ni nene, kwa hiyo usizichanganye katika fungu moja. Kuondoa vinyweleo hakuhitaji maelezo kwa mtu aliyezoea kazi hii.

Hatua ya pili: kuchemsha
Chemsha katika maji yenye chumvi kidogo kwa muda wa saa moja hadi saa moja na nusu, mpaka kidole kiweze kuibonyeza ngozi bila kuichana. Ngozi imejengwa zaidi kwa kolajeni, aina ya protini ngumu, ambayo kwa joto na maji hugeuka kuwa jelatini laini, na jelatini ndiyo itakayotanuka baadaye ndani ya mafuta. Ikiiva kupita kiasi itachanika wakati wa kukwangua.

Hatua ya tatu: kukwangua mafuta
Ngozi ikipoa, ilaze juu ya ubao, upande wa mafuta ukiwa juu, na ukwangue mpaka ibaki ngozi tupu. Usiyatupe mafuta hayo. Yayeyushe kwa moto mdogo, uyachuje, uyaweke kwa ajili ya kukaangia.

Hatua ya nne: kukausha
Hapa ndipo kazi nyingi huharibikia, na ndipo ninapokuomba usiharakishe. Kata vipande vya ukubwa wa vidole viwili, uvitandaze kwenye chanja bila kugusana, uvifunike kwa kipande cha chandarua ili nzi wasitue, na uviache juani kwa siku mbili au tatu za kiangazi. Jua likianza kuzama viingize ndani, kwa sababu unyevu wa usiku unaotoka ziwani huirudisha nyuma kazi ya mchana kutwa. Wakati wa masika usitegemee jua hata kidogo. Tumia oveni yenye joto la nyuzi 80 hadi 90 kwa saa kadhaa, mlango ukiwa wazi kidogo ili mvuke utoke. Oveni isipokuwepo, tundika chanja juu sana ya makaa yaliyofifia, ukivigeuza vipande mara kwa mara. Usiyasogeze makaa karibu kwa kutaka kumaliza mapema, maana uso wa ngozi utafunga na kuyazuia maji yaliyo ndani.

Kipande kilichokauka huwa kahawia hafifu, hupitisha mwanga kikielekezwa juani, na kikiangushwa mezani hulia kama kigae. Hata hivyo, kingo hukauka mapema kuliko katikati, kwa hiyo weka vipande vyote ndani ya chombo kilichofungwa kwa usiku mmoja ili unyevu uliobaki usambae sawasawa. Nasema uliobaki kwa makusudi: ngozi inapaswa kubaki na unyevu wa karibu asilimia 10, kwa kuwa maji hayo machache ndiyo yanayogeuka mvuke na kuisukuma ngozi itanuke. Kaanga kipande kimoja cha majaribio. Kikivimba pembeni na kubaki kigumu katikati, rudisha vyote juani. Kikikataa kabisa kuvimba ingawa mafuta yana moto wa kutosha, kimekauka kupita kiasi, na vipande vingine vinahitaji kukaa wazi usiku mmoja.

Jambo moja zaidi kuhusu chanja: wengi wa majirani zetu, hasa Ujiji, ni Waislamu, na kando ya ziwa watu huanika dagaa wao wa kula na wa kuuza. Tenga chanja, visu na karai kwa kazi hii pekee, na uanike uani kwako, mbali na dagaa wa watu.

Hatua ya tano: kukaanga
Tumia karai la chuma lenye kina, lililojaa mafuta yasiyozidi nusu. Mafuta ya nguruwe mwenyewe ndiyo bora. Ya alizeti yanafuata. Kigoma ni nchi ya mawese, nami hupikia mawese karibu kila siku, lakini katika kazi hii siyashauri, kwa sababu wekundu wake huficha rangi ya ngozi usijue imeiva lini, na harufu yake huitawala ladha. Joto liwe nyuzi 190 hadi 200. Tia vipande vichache tu, maana kila kimoja huongezeka mara kadhaa ndani ya sekunde chache. Vigeuze, uviopoe mara vinapoacha kutanuka.

Nyunyiza chumvi papo hapo, kabla mafuta ya juu hayajakauka. Mimi hutumia chumvi ya Uvinza niliyoisaga ikawa laini. Wafilipino huchovya kwenye siki yenye vitunguu saumu na pilipili. Chiang Mai, kaskazini mwa Thailand, huliwa na pilipili mbichi zilizochomwa na kupondwa. Hapa limau na pilipili zinatosha. Kachumbari iandaliwe katika sahani yake, kwa kuwa maji ya nyanya huilainisha ngozi kabla mteja hajafika nusu. Itakayobaki, iache ipoe kabisa ndipo uifungie kwenye ndoo yenye mfuniko unaobana.